Wapangaji wa Tajiri

Bariadi, Simiyu
Mwezi wa Pili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kilichokuzidia tangu Krismasi kiwe kimetulia. Mama umpe shikamoo yake, na magoti yake nayaulizia. Mdogo wangu Ansbert ameniambia upepo umelaza migomba ya nyuma ya jiko juu ya banda la kuku. Poleni sana. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nafundisha, nasahihisha, nakula ninachoweza kumeza.

Najua umenipigia simu mara nyingi na sikupokea. Nilimwambia Mama kwamba simu ni mbovu, lakini simu ni nzima. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu wewe ndiye humaliza mazungumzo, nami nina habari ndefu ambayo nataka uipate yote bila kunikatiza. Ansbert amepita hapa akitoka chuoni, nimempa bahasha hii akuletee mkononi. Hajui kilichomo. Tafadhali isome ukiwa peke yako kwanza.

Mji huu unaujua, maana ulikuwa Bwana Afya hapa kabla sijazaliwa. Lakini Bariadi uliyoiacha siyo hii. Tangu iwe makao makuu ya mkoa, watumishi wamemiminika kutoka kila upande, na chumba cha kupanga kimekuwa adimu kama mvua ya Agosti. Utakumbuka kwamba nilipopangiwa kituo hapa ulinishauri niombe kubadilishiwa, na iliposhindikana ukanisisitizia nikapange Nyalikungu kwa rafiki yako. Nilishangaa, Baba. Nyalikungu ni Maswa. Mwalimu gani atatoka Maswa kila asubuhi akawahi mstarini Bariadi? Nikadhani umesahau jiografia kwa sababu ya umri. Nikakuambia nimepata chumba jirani na soko, nawe ukauliza tu kama mlango una komeo.

Komeo lilikuwepo. Ni hayo mengine ambayo sikukueleza.

Nyumba yenyewe iko bondeni, nyuma ya soko. Zamani ilikuwa ghala la pamba. Mwenyewe alilikata katikati kwa korido, akaligawa vyumba kwa mbao zile laini za dari, tena mbao hazifiki juu. Mtu akikohoa chumba cha mwanzo, wa chumba cha mwisho anamwambia pole. Niwie radhi kwa kusema hivi mbele yako, lakini si kikohozi tu kilichovuka zile mbao. Tulijua nani kala maharage, nani kagombana na mumewe, nani analia kwa kujificha. Madirisha hayakuwepo, yalikuwepo matundu ya kupitishia hewa ambayo wapangaji wameyaziba kwa matambara kuzuia mbu, basi hewa iliyoingia asubuhi ndiyo hiyo hiyo tuliyoivuta mpaka jioni, imepita kwenye mapafu ya nyumba nzima.

Ilikuwa rahisi, ndiyo sababu nikakaa. Wote tulikaa kwa sababu hiyo. Na watu wenyewe, Baba, ni watu wema. Jirani yangu wa kulia ni Salu, mama anayekwenda Lamadi kununua samaki na kuja kuwauza sokoni hapa. Ana binti mdogo, Minza, ambaye bado hajaanza shule lakini alikuwa akija mlangoni kwangu kila nikisahihisha madaftari na kudai naye nimpe vema. Nilimchorea vema kwenye kiganja, akaenda nayo bila kuiosha. Upande wa pili yupo Mayunga, dereva wa bodaboda, mtu wa maneno machache na miluzi mingi. Alfajiri watu wanapeana mwangaluka, mtu anajibu mhola, yaani salama, hata kama usiku kucha hakulala kwa joto. Ukiishiwa chumvi huombi mara mbili.

Mwenye nyumba hatukumjua. Tulimwita Tajiri. Kodi alipokea Mihayo, msimamizi wake, mtu mwenye viatu vinavyong'aa ambaye hakuwahi kuingia ndani kupita kizingiti cha korido. Alisimama nje na leso puani, akaita majina. Tukimuuliza Tajiri ni nani, alisema Tajiri ni Tajiri, yuko mbali, ana mambo mengi.

Sasa nikueleze choo, kwa sababu wewe umekula mkate wa kazi ya kukagua vyoo maisha yako yote.

Kilikuwa kimoja chenye matundu mawili, kwa nyumba nzima, wake kwa waume. Mlango wake ulikuwa gunia la pamba lililoloa upande wa chini, na ukilisogeza ilibidi uchague kona ambayo haijafutiwa mikono. Shimo lilikuwa limejaa kiasi kwamba ukichuchumaa ulihisi joto lake likipanda. Funza weupe, wanene kama punje za mahindi mabichi, walikuwa wakipanda ukutani, wakidondoka, wakipanda tena. Asubuhi moja nilifika shuleni, nikasimama ubaoni kuandika, mwanafunzi wa mbele akanyoosha mkono akasema kwa adabu, "Mwalimu, kuna mdudu kwenye sketi yako." Nilimwondoa kwa chaki. Chaki ile niliitupa, na mkono niliuosha mpaka ukauma, lakini kipindi kizima nilihisi wengine wakitembea mgongoni ambao hawakuwepo.

Bafu lilikuwa ubavuni mwa choo, likitumia ukuta huo huo. Sakafu yake ilikuwa na utelezi wa kijani wa sabuni na nywele na mikojo ya watu walioogopa kwenda upande wa pili. Nilioga nimevaa kandambili, nimeinua uso juu kama kuku anayekunywa maji ili nisione chochote. Na mbele ya hayo yote, kwenye mteremko, chini ya choo, si juu yake, kilikuwepo kisima. Maji yake ndiyo tuliyopikia. Niliyachemsha, nikayachuja, nikayachemsha tena, na bado nikiyaweka mdomoni koo lilikataa. Wengine hawakuwa na mkaa wa kuchezea hivyo.

Usidhani tulikaa kimya. Tulimwomba Mihayo tangu Novemba, kabla mvua hazijakolea. Mayunga akasema kama Tajiri hana mafundi, sisi wenyewe tutachimba shimo jipya juu kule nyuma ya jiko, vijana wapo na majembe yapo, yeye atoe ruhusa tu. Mihayo akaenda kuuliza. Akarudi na jibu kwamba Tajiri hataki mtu aguse ardhi ya nyuma ya jiko, anataka kujenga vyumba vingine hapo. Vyumba vingine, Baba. Watu wengine, matumbo mengine, na matundu yale yale mawili. Salu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Alisema huyu Tajiri bila shaka hana makalio, angekuwa nayo angejua.

Sikukuandikia wakati ule kuomba ushauri, na nilitaka sana. Nilikuwa nimeshika simu mkononi nikisema moyoni, Baba akisikia haya atapanda basi aje mwenyewe, atawafundisha adabu. Nikaona haya kukusumbua na kifua chako.

Kisha mvua kubwa ikaja. Ilikuwa mchana wa Jumamosi, mwezi uliopita. Salu alikuwa Lamadi. Mimi nilikuwa mlangoni na madaftari, Minza yuko kwenye korido na kopo lake. Mbingu ilifunguka ikamwaga kama mtu anayemimina beseni, na katikati ya mvua ile nikamwona Mihayo anakuja, amevaa koti la mvua na mabuti, na mtaimbo begani. Nilifurahi. Nilifikiri amekuja kuzibua mfereji. Alipita mlangoni kwangu bila salamu, akaenda nyuma ya choo upande wa bondeni, na nikasikia chuma kinagonga tofali.

Huhitaji nikuambie alichokuwa akifanya. Wanaita kutapisha choo. Lakini kulijua neno na kukiona kitu ni mambo mawili. Ukuta wa shimo ulipotoboka, kulitoka kwanza sauti, kama ng'ombe anapotoa mguu kwenye tope. Halafu kikaja chenyewe, cheusi, kizito, kinasukumana, na mvua ikakipokea na kukipeleka. Kiliteremka kikiwa na matambara ya watu, na makaratasi, na vitu vya wanawake, na povu la njano juu. Kikapita juu ya mdomo wa kisima kana kwamba kisima hakipo. Kikaingia uani kwa bibi mmoja wa nyumba ya chini, Nyanjige, ambaye si mpangaji wa Tajiri wala wa mtu yeyote, ana kijumba chake mwenyewe tangu enzi za mumewe. Nilimwona akitoka na ufagio wa uwanjani, amejikunja, anafagia mto. Alikuwa akifagia na kupiga kelele kwa Kisukuma, na kile kitu kikimpanda vifundoni.

Nikamwita Mihayo kwa nguvu, nikamwambia aache, kuna watu pale chini. Alinijibu bila kugeuka kwamba mvua itasafisha. Nilipogeuka mimi, Minza hakuwa tena kwenye korido. Alikuwa kwenye maji yale, yanamfika magotini, anaelekeza kopo lake liende na mkondo, anacheka kwa sababu limekwenda kasi. Nilimbeba, nikamsugua kwa sabuni ya kufulia mpaka akalia, nikamuosha kinywa. Kinywani mlikuwa na mchanga. Sikutaka kufikiri ule mchanga ni nini.

Harufu ilikaa siku nyingi. Ilikaa kwenye unga, kwenye mto wa kulalia, kwenye nywele. Watoto wa darasa langu walianza kukaa mbali na meza yangu, nami sikuwalaumu.

Minza alianza kuhara Jumanne, Salu akiwa tena Lamadi. Ilipofika mchana alikuwa anatoa maji matupu yenye rangi ya maji ya mchele, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imekunjika kama karatasi. Hayo ulinifundisha wewe, na ndiyo yaliyonifanya nisingoje. Mayunga aliwasha pikipiki, nikampakata mtoto katikati yetu, na njia nzima maji yalikuwa yakimtoka juu ya mapaja yangu na ya Mayunga, na Mayunga aliendesha tu. Hospitalini walimtundikia dripu mguuni, mkononi mshipa haukupatikana. Salu alifika jioni kutoka Lamadi akiwa bado na ndoo ya samaki kichwani, hakujua aitue wapi. Alisimama nayo wodini mpaka nesi alipomtua.

Minza amepona, mshukuru Mungu nami. Amekonda na haombi tena vema. Lakini bibi Nyanjige hakuwa na pikipiki wala mwalimu wa kumbana ngozi. Walimkuta asubuhi ndani ya kijumba chake, kwenye mkeka, katika hali ambayo wanawake waliomwosha hawakutaka kuisimulia. Watu wengine wa bondeni waliugua pia, wakalazwa, wakatoka. Yeye ndiye aliyekwenda.

Tulimzika Ijumaa. Na kwenye mazishi, Baba, akaja Mihayo amevaa suti, na nyuma yake mkokoteni wenye gunia la mchele. Akasimama mbele ya waombolezaji, akavua kofia, akasema Tajiri ameguswa na msiba huu na ametuma rambirambi. Wanawake waliotoka mitaa mingine wakapiga makofi ya shukrani kwa sababu hawakujua nani alitoboa choo. Mchele ule ulipikwa. Nilipewa sahani, na mahali pangu palikuwa panatazama choo kilichotobolewa, ambacho hata kuzibwa kilikuwa hakijazibwa. Niliutazama wali, mweupe, punje moja moja, na nikaona funza wale wanapanda sahani. Niliiweka chini. Salu, ambaye alikuwa ameketi karibu nami, naye aliiweka yake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kula kinyesi cha mtoto wake kilichorudishwa kama mchele.

Baada ya mazishi hatukumwacha Mihayo aondoke. Wapangaji na watu wa bondeni walimzunguka barazani. Hakuna aliyemgusa. Mayunga alichukua tu ufunguo wa pikipiki ya Mihayo akautia mfukoni, akamwambia mpigie Tajiri sasa hivi, weka sauti nje, tumsikie kwa masikio yetu. Mihayo alikataa, akatazama watu, akapiga.

Simu iliita kwa muda, ikapokelewa. Mihayo akaeleza kwa haraka kwamba kuna watu hapa wana malalamiko kuhusu choo na huyu bibi aliyefariki. Nafikiri mtu wa upande wa pili hakujua kwamba anasikiwa na halaiki. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Malalamiko gani? Si umetuma mchele?"

"Nimetuma, mzee. Lakini wanasema maji yaliingia kisimani."

"Sikiliza, Mihayo. Ile ni nyumba ya watu wa bei ya chini. Anayetaka marumaru aende hotelini. Wakihama leo, kesho wanakuja wengine wanabisha hodi, wewe mwenyewe unajua mji ulivyo."

"Na huyu bibi, mzee?"

"Bibi alikuwa mzee. Wazee hufa masika, hufa kiangazi. Nani atapima? Wewe ziba tofali ulizotoboa, weka udongo, basi. Shimo likijaa tena ungoje mvua. Na usinipigie tena muda huu, naingia kanisani kwenye kikao."

Halafu akakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu, kinachomalizikia kwa kuvuta pumzi kupitia meno, na mtu huyo akasema peke yake, kama asemavyo kila akikohoa, "Ee Bikira."

Baba, nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye simu. Nimekisikia kikohozi hicho kila asubuhi ya maisha yangu, kupitia ukuta wa matofali ya kuchoma, katika nyumba yenye choo cha kuvuta maji na sabuni mbili, moja ya mikono na moja ya uso. Na hata bila kikohozi, sauti ningeijua.

Nilitoka pale nikaenda nyuma ya jiko, kwenye ardhi ile ambayo haitakiwi kuguswa, nikatapika. Nilikuwa nimeishi na harufu ya choo kile tangu mwezi wa Saba na sikuwahi kutapika. Nilitapika siku ile. Nikakaa chini, na mambo yakaanza kupangana yenyewe. Kiwanja cha Bariadi ambacho ulimwambia Mama umekiuza. Nyalikungu. Komeo. Safari zako za kwenda Mwanza kumwona daktari wa kifua. Na lililonikaba kuliko yote ni kwamba nilitazama mikono yangu na sikujua niiweke wapi. Sare zangu za shule, chuo, viatu nilivyovaa siku ya kwanza kuingia darasani, vyote vimetoka kwenye yale matundu mawili. Nimelelewa na shimo lile. Nilikuwa nikilila kabla sijalifikia.

Wewe ndiye uliyekuwa ukitukagua kucha kabla ya kula. Ulimchapa Ansbert kwa kunywa maji ya bomba la jirani bila kuchemsha. Nimejaribu kukutafutia neno la kukutetea, Baba, nimelitafuta kwa uaminifu kabisa, kwa sababu wewe ni mzazi wangu. Nikajiambia labda hujui hali ilivyo, labda Mihayo anakudanganya. Lakini mtu asiyejua hasemi "ungoje mvua." Mjinga angetoboa choo wakati wa kiangazi. Aliyechagua mvua ni mtu wa kazi hiyo.

Sasa nikueleze nilichofanya, ili usikisikie kwa Mihayo.

Nilirudi barazani watu wakiwa bado wamekaa, na nikawaambia. Nilisema yule aliyezungumza kwenye simu ni baba yangu mzazi, na kwamba nilikuwa sijui mpaka dakika ile. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Mayunga alitema mate, akasogea mbali kidogo, akaanza kufuta kiti cha pikipiki yake ambacho kilikuwa safi. Mihayo alinitazama kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kiatu chake mwenyewe. Salu ndiye aliyesema. Aliniuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mtoto, "Mwalimu, na kodi ulikuwa unalipa?" Nikasema nilikuwa nalipa. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema, "Basi huyo hana mtoto wala jirani. Ana wapangaji tu."

Jumatatu nilikwenda na Salu na Mayunga kwa afisa afya. Aliandika habari ya choo, ya kisima, ya marehemu, kisha akauliza jina la mwenye nyumba. Salu akanitazama. Mayunga naye akatazama dirishani. Waliniachia mimi. Nikataja majina yako yote matatu. Afisa yule ni mama wa makamo. Alinyanyua uso, akaniuliza kama ni yule Bwana Afya wa zamani, aliyewafundisha kazi walipokuwa wapya. Nikasema ndiye, na mimi ni mwanawe. Aliweka kalamu chini, akanyanyuka akaenda kusimama mlangoni ametugeuzia mgongo. Aliporudi aliendelea kuandika, hakuniuliza kitu kingine.

Walitaka kuifunga nyumba yote. Wapangaji ndio waliokataa. Salu alisema ukifunga hapa mimi na mtoto tutalala kwenye meza ya samaki, maana kodi za huko kwingine hatuziwezi. Wamekubaliana hivi: kisima kimezibwa, choo kimefukiwa kwa chokaa na udongo, na vijana wamechimba shimo jipya nyuma ya jiko, pale pale ulipopakataza. Nilishika jembe nami. Ruhusa niliitoa mimi kwa jina lako, na kama nimekosea utanishtaki. Shimo limechimbwa lakini bado halijajengewa, kwa sasa tunakwenda choo cha soko, na wito wako umeandikwa. Utaletewa rasmi, lakini nimetaka niutangulie mimi kukufikia.

Mama sijamwambia. Sitamwambia kabla yako, kwa sababu ni haki yake kulisikia kinywani mwako, na kwa sababu najua atauliza bibi huyo alikuwa anaitwa nani. Anaitwa Nyanjige. Lishike hilo jina usije ukalikosa mbele yake.

Sikuombi unitumie kitu, na ulichokuwa ukinitumia uache. Ninachoomba ni uje. Usifikie kwa rafiki yako Nyalikungu, wala usipange hoteli. Kuna chumba kimebaki wazi hapa, cha mwisho kwenye korido, aliyekuwa akikaa humo alihama baada ya msiba. Nimemlipa Mihayo kodi yake, nimekipiga deki, nimetandika shuka zangu za akiba. Utakaa humo mpaka choo kiishe kujengwa. Watu wamekubali. Salu amesema samaki atapika yeye, lakini maji ya kunawa utajichotea mwenyewe kwenye bomba la kulipia la sokoni kama sisi. Minza hajui wewe ni nani, amesikia tu kwamba kuna babu anakuja.

Kama hutakuja, Baba, nitaelewa, na shikamoo yangu ya mwanzo wa barua hii itakuwa ya mwisho kukuandikia. Hilo nimeliandika mchana, nimekula, nimetulia, wala sina hasira. Kilichobaki ni kichefuchefu tu, na hicho sijui dawa yake.

Mfikishie Mama upendo wangu, mwambie sweta aliyoifuma imenienea. Wasalimie wa jumuiya na wote wanaoniulizia. Mungu akupe nafuu ya kifua na miguu ya safari.

Ni mimi, mwanao na mpangaji wako,

Harieth